Urari unapotofautiana kwa senti tatu: je, kompyuta haijui kujumlisha?

*«Habari za kazi, ndugu mtaalamu. Mimi ni mhasibu wa SACCOS ya walimu yenye wanachama wapatao mia sita. Tangu mwaka juzi tunatumia programu tuliyoandikiwa na kijana mmoja wa hapa wilayani, na kwa kweli imetusaidia sana. Shida ni kwamba tunapofunga mwezi urari hautulii: safari hii debiti inazidi kwa senti tatu, safari nyingine krediti inazidi kwa senti moja, na mara mbili programu imekataa kabisa kufunga mwezi ikidai kwamba pande mbili hazilingani, ilhali kwenye skrini namba ni zilezile hadi senti ya mwisho. Kijana anasema kompyuta zote ziko hivyo na hakuna la kufanya. Mjumbe mmoja wa Bodi ameanza kusema hadharani kwamba kuna mtu anachota senti za wanachama. Kampuni moja inatushauri tununue kompyuta yenye nguvu zaidi pamoja na mfumo wao mpya, na mwenzangu ofisini anataka turudi Excel. Nani yuko sahihi, na nianzie wapi?»*

Ndugu mhasibu, pole kwa usumbufu, na ahsante kwa kueleza dalili zako kwa usahihi, kwa sababu ndizo zinazoonyesha njia. Senti tatu haziwezi kuifilisi SACCOS, lakini urari usiofunga humweka mhasibu pabaya, na minong'ono ya wizi ikishaanza ndani ya chama cha akiba haizimwi kwa maneno matupu. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, ili uwe na hoja unayoweza kuifanyia majaribio mbele ya Bodi, kwa kalamu na karatasi.

Jibu la mkato ni hili. Kijana wenu amesema nusu ya ukweli: kompyuta nyingi, zisipoelekezwa vinginevyo, huhifadhi senti kwa namna inayoleta hitilafu unayoiona. Kwamba hakuna la kufanya si kweli, kwani dawa yake inajulikana tangu enzi za kompyuta za kwanza za biashara, nayo imo ndani ya karibu kila lugha ya programu na kila kanzidata, yaani ghala la kutunzia data, anayoweza kuitumia. Kampuni inayotaka kuwauzia kompyuta yenye nguvu zaidi itawauzia kasi, na kasi haihusiani na tatizo lenu hata kidogo; kompyuta ya bei kubwa itakosea senti ileile, ila mapema zaidi. Excel nayo hukokotoa kwa njia ileile, kama nitakavyoeleza. Kuhusu mjumbe wa Bodi, tofauti inayozidi huku leo na kule kesho haifanani na alama za mchotaji, lakini hofu yake ni halali na ina kipimo chake, ambacho nitakupa pia.

Tuanze na jambo ambalo kila mwalimu wa hisabati anayeweka akiba kwenu analijua. Theluthi moja haiandikiki kwa desimali ikamalizika. Ukiandika 0.33 umepunja, ukiandika 0.3333 bado umepunja, na ukijaza daftari zima kwa tarakimu 3 hujafika. Sababu yake ni kwamba sehemu huandikika kwa desimali ikakoma pale tu ambapo asili yake, yaani namba ya chini, imejengwa kwa vigawo 2 na 5 peke yake, kwa kuwa kumi yenyewe ni 2 mara 5. Tatu haimo humo. Sasa kompyuta haihesabu kwa kumi. Huhesabu kwa mbili, na tarakimu zake ni 0 na 1 tu, mfumo tunaouita binari. Kwa mfumo huo sehemu hukoma pale tu ambapo asili imejengwa kwa 2 peke yake: nusu, robo, thumni, moja ya kumi na sita na kuendelea. Moja ya kumi ina 5 ndani yake. Hivyo senti kumi, ambazo kwetu ni kitu kamili kisicho na utata, kwa kompyuta ni kama theluthi ilivyo kwetu.

Mfikirie muuza nafaka wa zamani mwenye pishi, kisaga ambacho ni nusu yake, kibaba ambacho ni robo yake, na vipimo vingine vidogo zaidi, kila kimoja nusu ya kilichokitangulia. Mwambie akupimie moja ya kumi kamili ya pishi. Atajaza hiki, atapunguza kile, atashuka hadi kwenye kipimo cha punje chache, na kila mara atakuwa amezidisha kidogo au amepunja kidogo. Mikono yake haina kosa; vipimo alivyopewa haviwezi kufika pale.

Ukitaka kuthibitisha kwa kalamu, chukua 0.1 uiongeze maradufu, kisha uendelee kufanya hivyo kwa kila jibu. Jibu lisipofika 1, andika 0. Likifika au kuvuka, andika 1 na uiondoe hiyo moja kabla ya kuendelea. Utapata 0.2, andika 0, 0.4, andika 0, 0.8, andika 0, 1.6, andika 1 na ubaki na 0.6, 1.2, andika 1 na ubaki na 0.2. Hapo umerudi kwenye 0.2 ambayo umekwisha kuipita, na kuanzia hapo mzunguko ni uleule: 0.000110011001100 bila mwisho. Ukifanya hivyo kwa senti zote, kuanzia 0.00 hadi 0.99, utakuta kwamba kati ya thamani hizo mia moja ni nne tu zinazokaa sawasawa katika binari: 0.00, 0.25, 0.50 na 0.75. Nyingine tisini na sita zote huhifadhiwa kwa makadirio.

Pwani yetu iliwahi kutumia fedha ambayo kompyuta ya leo ingeihesabu bila kasoro. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani rupia moja iligawanywa pesa 64 hadi mwaka 1904, ndipo ikaanza kugawanywa heller 100. Sitini na nne ni mbili sita zilizozidishwa pamoja, kwa hiyo kila pesa ingepata mahali pake kamili katika binari. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ilikuwa na senti 100, na shilingi zetu zimeurithi mgawanyo huo, ambao unamfaa binadamu mwenye vidole kumi na unaipa taabu mashine ya tarakimu mbili.

Turudi kwenye programu yenu. Kompyuta nyingi hufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho IEEE 754, kilichotolewa mwaka 1985, kinachoeleza namna ya kuhifadhi namba zenye nukta ambayo husogezwa kufuata ukubwa wa namba. Umbo linalotumika zaidi lina biti 64, yaani nafasi 64 za tarakimu 0 au 1, na kati ya uwezo huo biti 53 ndizo zinazobeba tarakimu zenyewe, sawa na tarakimu kama kumi na tano au kumi na sita za desimali. Unapoingiza 0.1, kinachohifadhiwa ni 0.10000000000000000555 na tarakimu nyingine zinazofuata. Tofauti inaanzia tarakimu ya kumi na nane baada ya nukta. Ni ndogo mno, na kwa chama cha ukubwa wenu ni vigumu hitilafu hiyo peke yake ikusanyike hadi kufika senti moja kwa mwaka mzima.

Basi senti tatu zinatoka wapi? Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu hudhani kwamba hitilafu ndogo huongezeka polepole hadi ionekane. Mara nyingi sivyo. Hitilafu hukaa kimya mpaka programu ifike mahali ambapo lazima iamue jambo: hizi mbili ni sawa au si sawa, nusu hii ipande au ishuke, kipande hiki kibaki au kikatwe. Hapo punje moja isiyoonekana hugeuka kuwa senti nzima, au kuwa mwezi mzima usiofungika.

Mwezi kukataa kufungwa ni uamuzi wa aina ya kwanza. Mwambie kijana ajumlishe 0.1 na 0.2 katika programu, kisha aiulize kama jibu ni sawa na 0.3. Itakataa, kwa sababu jumla ni 0.30000000000000004. Skrini imeagizwa ionyeshe sehemu mbili za desimali, kwa hiyo pande zote mbili husomeka 0.30, na wewe huku nje unaona usawa ambao programu kule ndani hauoni. Ndivyo debiti na krediti zenu zinavyoweza kufanana hadi senti ya mwisho na bado zikahesabiwa kuwa tofauti.

Aina ya pili huumiza zaidi kwa sababu hugusa salio la mwanachama. Chukua ada ya asilimia moja ya sh. 267.50. Jibu kamili ni sh. 2.675, na kwa desturi tuliyofundishwa shuleni nusu hupandishwa, hivyo mwanachama atozwe sh. 2.68. Katika lugha ya programu ya Python, ukigawanya 267.50 kwa 100 na kukadiria hadi sehemu mbili, utapata 2.67, kwa kuwa namba iliyohifadhiwa kwa hakika ni 2.67499999999999982, ambayo haijafika nusu. Ukizidisha 267.50 kwa 0.01 badala ya kugawanya, hitilafu huangukia upande wa pili, na ukikadiria unapata 2.68. Kwa mwalimu wa hisabati hayo ni mambo mawili yaliyo sawa kabisa. Kwa programu ni majibu mawili. Ikiwa sehemu inayotoza ada imeandikwa kwa njia ya kwanza na sehemu inayotengeneza taarifa ya mwezi imeandikwa kwa njia ya pili, basi leja na taarifa zitapishana kwa senti, mara juu mara chini, jinsi hasa ulivyoeleza.

Aina ya tatu ni kukata. Waandishi wengi wa programu, wakisikia kwamba senti zina matatizo, huamua kugeuza shilingi kuwa senti nzima kwa kuzidisha kwa 100, wazo ambalo ni zuri, kisha hukata kilichobaki baada ya nukta, jambo ambalo ni baya. Sh. 19.99 mara 100 katika binari ni 1998.9999999999998. Ukikata, unabaki na senti 1998, na senti moja imepotea mbele ya macho ya kila mtu.

Kabla ya yote hayo, kuna ukaguzi mmoja ningeomba ufanywe leo hii. Mwambie kijana akuonyeshe aina ya kila safu inayohifadhi fedha katika kanzidata. Akikuta FLOAT katika MySQL, au REAL katika PostgreSQL, jambo lenu ni zito kuliko nilivyoeleza, kwa sababu hizo ni namba za biti 32, zenye uwezo wa tarakimu kama saba tu. Salio la sh. 1,250,300.40 haliwezi kukaa humo. Katika ukubwa huo hatua kati ya namba moja na inayofuata ni senti kumi na mbili na nusu, kwa hiyo kinachohifadhiwa ni 1,250,300.375. Likizidi milioni nane na laki nne hivi senti hazipo tena, na sh. 16,777,217 hugeuka kuwa 16,777,216. Jihadhari pia na majina: katika SQL Server neno FLOAT bila maelezo zaidi ni namba ya biti 64. Jina moja, uwezo tofauti. Wako watakaowaambia kwamba kuhama kutoka biti 32 kwenda biti 64 kunamaliza kazi. Kunapunguza maradhi kwa kiwango kikubwa, na kama mko kwenye biti 32 fanyeni hivyo mara moja, lakini majaribio yote matatu niliyokupa hapo juu yamefanywa kwa biti 64.

Nasikitika ninaposikia kijana mwenye kipaji akiambiwa na waliomfundisha kwamba hii ni tabia ya kompyuta na yatosha kuizoea, kwa sababu waliojenga kompyuta za biashara walilijua jambo hili mapema na walilishughulikia. ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kielektroniki za mwanzo, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilihesabu kwa desimali. IBM 1401 ya mwaka 1959, mashine iliyosambaa sana katika ofisi za hesabu, nayo ilihesabu kwa desimali, ilhali mashine kubwa za wanasayansi zilifuata binari. Familia ya kompyuta za IBM iitwayo System/360, iliyotangazwa mwaka 1964, ilizipa kazi zote mbili mahali pamoja: binari kwa anayetaka, na desimali iliyopakiwa, yaani kila tarakimu ya kumi imepewa biti zake nne, kwa mwenye kuhesabu fedha. Lugha ya COBOL, iliyoasisiwa kati ya 1959 na 1960, humtaka mwandishi atamke tangu mwanzo kwamba kiasi hiki kina tarakimu kadhaa kabla ya nukta na mbili baada yake. Kisha zikaja lugha za matumizi yote, ambazo mwanafunzi akiandika 0.1 hupewa binari bila kuulizwa, na kizazi kizima kikajifunza programu bila kupita katika mlango wa uhasibu. Mwaka 2008 kiwango kile cha IEEE 754 kiliongezwa maumbo ya desimali, baada ya juhudi za miaka mingi za watu kama Mike Cowlishaw wa IBM, ambaye mfano wake unaojulikana sana ni wa simu ya senti 70 yenye kodi ya asilimia 5: jibu kamili ni 0.735, desimali inatoza 0.74, binari inatoza 0.73.

Hata hivyo sitaki uende kwenye Bodi ukiahidi kwamba desimali itafuta kila senti. Nashuku kwamba programu yenu ina maradhi mawili, na la pili halina uhusiano na binari. Chukua mkopo wa sh. 1,000,000 unaorejeshwa kwa miezi 12. Rejesho la mtaji kwa mwezi ni sh. 83,333.33, na mara 12 ni sh. 999,999.96. Senti nne zimebaki, na zingebaki hata kama hesabu ingefanywa kwa wino katika leja ya karatasi, kwa kuwa 12 ina 3 ndani yake na theluthi, kama tulivyoona, haiandikiki kwa desimali. Mhasibu wa leja ya karatasi alikuwa akiyafanya marejesho kumi na moja ya mwanzo kuwa 83,333.33 na la mwisho 83,333.37. Programu isiyoambiwa hivyo huacha senti nne zikielea, na mkopo wa mwanachama aliyelipa kila kitu ukabaki wazi. Gawio la hisa lina tabia hiyohiyo.

Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lililipa gharama ya jambo hili mbele ya umma. Kipimo chake cha bei kilianza Januari 1982 kikiwa 1000. Kila muamala ulipofanyika kipimo kilikokotolewa upya hadi sehemu tatu za desimali, na tarakimu za ziada zilikatwa badala ya kukadiriwa. Kila kukata kulipunguza, hakukuwa na kulikoongeza, na kazi hiyo ilifanyika maelfu ya mara kwa siku. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilisomeka 524.811, na kilipokokotolewa upya kwa usahihi kilikuwa 1098.892. Hapo mfumo wa namba ungeweza kuwa wowote ule. Kilichoharibu ni kanuni ya kukata.

Ndiyo maana kanuni ya kukadiria haipaswi kuachwa kwenye vidole vya mwandishi wa programu. Umoja wa Ulaya ulipojiandaa kuingia kwenye yuro uliiandika kanuni hiyo ndani ya sheria, Kanuni namba 1103 ya mwaka 1997, ikitamka kwamba kiasi kinachoangukia katikati kabisa kipandishwe. Bodi yenu inaweza kuchagua vivyo hivyo, au kuchagua desturi ya kuipeleka nusu kwenye tarakimu shufwa iliyo karibu, ambayo faida yake ni kwamba katika miamala mingi haiegemei upande wowote. Mimi ningewashauri mpandishe nusu, kwa sababu ndiyo kanuni ambayo mwanachama anaweza kuihakikisha mwenyewe nyumbani kwa kalamu. Muhimu iandikwe katika sera ya fedha: nusu inakwenda wapi, makadirio yanafanyika kwenye kila muamala au kwenye jumla, na senti iliyobaki katika mgawanyo inaingia kwenye rejesho gani.

Sasa njia za kutoka. Njia ya kwanza ni kuhifadhi fedha zote kama senti nzima, namba isiyo na nukta kabisa. Sh. 83,333.33 huwa 8,333,333. Namba nzima katika binari haina makadirio hadi mipaka yake, na mipaka hiyo iko mbali: hata JavaScript, lugha ya programu za kurasa za kivinjari, ambayo namba zake za kawaida ni zilezile za biti 64 zenye nukta, huhifadhi namba nzima bila kosa hadi 9,007,199,254,740,991, ambazo zikiwa senti ni zaidi ya shilingi trilioni 90. Ubaya wake ni kwamba kila anayesoma data lazima akumbuke kugawanya kwa 100, na kwamba si sarafu zote zinazogawanywa kwa 100. Shilingi ya Uganda na faranga ya Rwanda, katika orodha rasmi ya sarafu za dunia, hazina sehemu ndogo inayotumika, na riali ya Oman ina baisa 1000. SACCOS inayotumia shilingi ya Tanzania pekee haina haja ya kuhofia hilo.

Njia ya pili, ambayo kwa hali yenu ndiyo ningeichagua, ni kutumia aina ya desimali tangu kwenye kanzidata hadi kwenye skrini. Katika MySQL na PostgreSQL aina hiyo huitwa DECIMAL au NUMERIC. Java ina BigDecimal, Python ina Decimal, C# ina decimal. Hukokotoa polepole kuliko binari, lakini kwa miamala ya wanachama mia sita hakuna mtu atakayehisi ucheleweshaji huo. Kuna mitego ambayo kijana anapaswa kuijua. Akiijenga desimali kutokana na namba ya binari iliyokwisha kuharibika, atanakili uharibifu wote, kwa hiyo 0.1 iingizwe kama maandishi. SQLite haina desimali ya kweli hata kama safu imeandikwa hivyo, na kama programu yenu imejengwa juu yake basi senti nzima ni salama zaidi. Vilevile, data inaposafiri kati ya kanzidata na ukurasa wa kivinjari, kiasi cha fedha kipelekwe kama maandishi au senti nzima. La sivyo desimali iliyotunzwa vizuri mwanzoni itapitishwa kwenye binari katikati ya safari.

Njia ya tatu ni kubaki na binari ya biti 64, kukadiria hadi senti baada ya kila hatua, na kulinganisha kwa kuruhusu tofauti iliyo chini ya nusu senti. Sitaidharau, kwa sababu inaweza kuwafungulia mwezi huu ambao umekwama, na ofisi nyingi zinaishi hivyo. Lakini inategemea mwandishi asisahau hata mara moja, na kila mabadiliko ya programu hufungua mlango mpya wa kusahau. Kurudi Excel ni kuichagua njia hiyohiyo bila kujua: Excel nayo hutumia binari ya biti 64, na ukiandika =1*(0.5-0.4-0.1) katika kisanduku utapata namba ndogo hasi mahali pa sifuri. Zaidi ya hayo mtapoteza kumbukumbu ya nani aliingiza nini na lini, ambayo katika chama cha akiba ni hasara kubwa kuliko senti tatu. Mfumo mpya ni uamuzi wa bajeti yenu; kabla ya kulipa, waulizeni wauzaji fedha huhifadhiwa kwa aina gani ya namba na kanuni ya kukadiria inabadilishwa wapi, na wakishindwa kujibu maswali hayo mawili msiwape kazi.

Kubadilisha aina ya safu pekee hakutoshi, kwani makadirio ya zamani yatahamia ndani ya desimali. Fanyeni kazi hii mara baada ya kufunga mwezi, mkiwa na nakala kamili ya data iliyowekwa nje ya ofisi. Kila muamala wa zamani ukadiriwe hadi senti, masalio yote yakokotolewe upya kutoka kwenye miamala, kisha yalinganishwe na masalio ya hesabu zilizokaguliwa mara ya mwisho. Tofauti itakayobaki iingizwe kwa hati ya jarida kwenye akaunti ya tofauti za makadirio, kwa idhini ya Bodi iliyoandikwa katika muhtasari, na programu ya zamani na mpya ziende sambamba kwa mwezi mmoja.

Nakuja kwenye kipimo nilichokuahidi kwa ajili ya yule mjumbe. Muamala mmoja ukikadiriwa mara moja hauwezi kukosea kwa zaidi ya nusu senti. Ikiwa mwezi una miamala 3,000, makadirio yote yakiegemea upande mmoja kwa bahati mbaya isiyo ya kawaida, tofauti haiwezi kuzidi sh. 15, na kwa kuwa mengine hupanda na mengine hushuka, kwa kawaida hubaki chini ya nusu shilingi. Senti tatu ziko ndani kabisa ya mpaka huo. Mchotaji wa senti, kwa upande mwingine, anahitaji mahali pa kuzipeleka: kutakuwa na akaunti inayoongezeka kwa vipande vidogo, siku zote upande mmoja, bila hati. Omba orodha ya akaunti zote zilizopokea viasi vilivyo chini ya shilingi moja katika miezi kumi na miwili iliyopita, na uisome pamoja na mjumbe huyo huyo akiwa ameketi kando yako.

Mkikuta akaunti ya namna hiyo, au tofauti inayozidi mpaka niliokupa, au inayokua kila mwezi upande uleule, acheni kutafuta majibu kwa maandishi na mwiteni COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au mkaguzi mwingine aliyeidhinishwa aje ofisini. Fanyeni hivyo pia kama kanzidata imetumia namba za biti 32, kwa sababu hapo masalio ya wanachama wenye akiba kubwa huenda yamepotoka kwa shilingi, na kuyarekebisha kunahitaji stakabadhi za awali na mtu wa nje wa kuyathibitisha. Mkaguzi atakapofika mpeni nakala ya data ya kusomwa tu, pamoja na orodha ya aina za safu za fedha, na hadi nakala hiyo itakapokuwa mikononi mwake, mtu yeyote, hata kijana wenu ambaye sina sababu ya kumshuku, asirekebishe salio lolote moja kwa moja ndani ya kanzidata.